Sikitu, Mtoto wa Nyungunyungu

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Mwenye kilio chake akiweke kando, asikie cha mwenzake.

Hapo zamani za kale palikuwa na kidimbwi cha maji ya kijani. Wenyeji wake walikula mwanga. Vyura waliteka jua, wakalitia chunguni, wakapika uji, wote wakashiba. Lakini jua lile lile lilipasua vyungu. Pa! Pa! Kila chungu kilipopasuka, Mama Nyungunyungu alizaa mtoto kule matopeni, akamchora neno mgongoni: "Finyangeni kingine." Mtoto akaenda mbio. Vyura wakamsoma mgongo, wakafinyanga. Kisha akaja Kaa na magando yake. Kacha! Akamkata.

Ndivyo ilivyokuwa mchana. Gizani Kaa alilegea, maana naye nguvu zake zilitoka kwenye uji, na bila jua uji haukupikwa. Mtoto mjumbe aliyekutwa na usiku alipona mpaka jua lichomoze.

Mama akazaa, akazika. Akazaa, akazika.

Jioni moja chungu cha mwisho kilipasuka. Mama akazaa, akamchora mtoto neno lile lile, akamwita Sikitu, ili kifo kimsikie, kidhani si kitu, kimpite.

Kulipopambazuka akasema, "Huyu simtoi!" Akavuta majani ya yungiyungi. Akavuta, akavuta, akafunika kidimbwi chote. Giza totoro!

Kaa akalala. Sikitu akaishi, akawa mkubwa kuliko ndugu zake wote. Mama akamwimbia, akacheka.

Lakini uji haukupikwa. Viluwiluwi wakalia, nyii, nyii. Kisha wengine wakanyamaza.

"Mama," Sikitu akauliza, "mbona wale hawalii tena?"

Mama akazidi kumwimbia.

"Mama, neno lako bado zima mgongoni mwangu. Fungua nilipeleke."

"Nikifungua, Kaa ataamka!"

"Najua, mama."

"Mwanangu, ngoja kidogo."

"Wenzangu hawawezi kungoja."

Mama akamkumbatia. Kisha akavuta jani moja, akavuta la pili. Mwanga ukaingia, mwaa! Sikitu akaenda, hakugeuka nyuma. Vyura wakamsoma, wakafinyanga. Uji ukachemka, tokotoko. Viluwiluwi wakanywa. Kaa naye akanywa, akanyoosha magando.

Kacha!

"Kaa, huna huruma?" Mama akalia.

"Dada, jua hubadilika kila mara. Nikimwacha mwenye neno la jana, vyura watafinyanga hata pasipohitajika, udongo utuishie." Kaa akainamisha macho. "Vipande vyake hivi hapa. Utaumbia mwingine."

Mama akaviokota, kimoja kimoja. Vyura wakamletea uji wa chungu kipya. Ukapoa mbele yake. Hakuugusa.

Basi, wanangu: mjumbe hapewi uhai ili afichwe. Ukimficha wako gizani, watoto wa wenzako watakufa njaa. Na aliyefikisha neno akafa, tumlilie, maana tumeshiba kwa ajili yake.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye machozi na ayafute.