Ua la Mama na Bingwa wa Milanzi

Na ijulikane kwa wote, kutoka bandari ya Kasanga hadi kona ya mwisho ya Ufipa, kwamba mtaa wa Milanzi ulijaliwa bingwa wa magonjwa ya mimea. Bingwa huyo aliitwa Oswaldi, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni. Katika mtihani wa baiolojia alikuwa amewashinda wenzake wawili, mmoja wao akiwa mgonjwa siku hiyo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipomwagika Sumbawanga kama ulezi kutoka gunia lililotoboka. Oswaldi alirudi likizo ya Desemba na suruali ya jinzi ya mtumba, iliyombana kama ngozi ya ngoma. Suruali hiyo ilikuwa na sheria moja tu: mvaaji asiiname.

Nyumbani alikuta ua la mama yake linakufa. Mama huyo, Getruda, alikuwa amelazwa Mbeya kwa muda mrefu. Siku ya kuondoka alimkabidhi mdogo wake, Luciana, ua lililokaa dirishani kwake. "Nitunzie," alimwambia. "Nikilikuta hai, nitajua na mimi nimerudi." Sasa habari zilikuja kwamba amepata nafuu na atafika kabla ya Krismasi.

Luciana, kwa upendo wake, alikuwa amelihamisha ua kutoka kopo lililooza kwa kutu, akalipanda katika ndoo mpya ya plastiki, nyekundu, inayong'aa. Ndoo aliipachika juu ya kinara cha chuma cha kuwekea beseni la kunawia. Tangu hapo majani yaligeuka njano, yakalegea kama masikio ya mbuzi aliyenyeshewa.

"Mwanangu, wewe umesoma," alisema. "Lina nini?"

Oswaldi alilitazama kwa juu, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. "Lina kiu, mama mdogo."

"Mbona nalimwagilia kila siku?"

"Basi limwagilie mara mbili."

Hali ikazidi kuwa mbaya. Bingwa akasema ni baridi, likavishwa kanga. Akasema ni upweke, likawashiwa redio. Majani mawili yakadondoka wakati wa matangazo ya vifo.

Jioni hiyo alimkuta Luciana jikoni, akifuta machozi kwa upande wa kanga. "Dada nitamwambia nini?" aliuliza. Oswaldi alikuwa na mzaha tayari, lakini aliuacha. Alikumbuka mkono wa mama yake ulivyokuwa mwepesi siku ile walipoagana.

Kesho yake bibi yake, Klementina, alifika kutoka Matai kumsubiri binti yake. Aliketi sebuleni karibu na kinara.

"Shikamoo, bibi," alisema Oswaldi, amesimama wima.

Bibi alitazama ukuta. "Luciana, hapa kuna suruali inaongea. Mwenyewe yuko wapi?"

"Ni Oswaldi, mama."

"Oswaldi wangu ni Mfipa. Anajua watu wanavyosalimiana."

Kwa Wafipa wa rika la bibi, mdogo huchuchumaa, huinamisha kichwa na kupiga makofi taratibu mpaka mkubwa amalize kuulizia habari. Oswaldi akashuka. Suruali ikapasuka nyuma kwa sauti ya kusikika hadi kanisani. Luciana akaziba mdomo.

"Naam, sasa nimesikia," alisema bibi. "Habari za shule? Padri hajambo? Na ile homa yako?"

Habari za bibi hazikuwa na mwisho. Oswaldi alipiga makofi bila kuthubutu kuinuka, sasa kwa sababu mbili. Macho yake, kwa kukosa pa kwenda, yakapita kati ya miguu ya kinara hadi kwenye kitako cha ndoo. Kilikuwa laini kama yai, hakina tundu hata moja. Sakafu chini yake ilikuwa kavu. Maji yote yale yalikwenda wapi?

Makofi yakakoma.

"Mama mdogo, ua halina kiu. Linakufa maji."

Waliinamisha ndoo, yakatoka maji yanayonuka kinamasi. Luciana alikata mizizi iliyooza na kuleta udongo mkavu. Oswaldi alipasha msumari kwenye jiko la mkaa akatoboa kitako. Kisha waliacha kumwagilia, na hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Getruda alipoingia, amekonda lakini anatembea mwenyewe, alikuta majani machache na chipukizi moja la kijani. Aliligusa kwa kidole. "Asanteni," alisema. "Kumbe nimerudi."

"Mshukuru mwanao," alisema Luciana. "Alilichunguza mpaka chini."

Oswaldi alikohoa kitaalamu. "Unajua, mama, mgonjwa kama huyu huanza kupimwa chini—"

"Mwambie ulikuwa unafanya nini huko chini," alikatiza bibi.

Bingwa aliangalia dari. Haikumsaidia. "Nilikuwa namsalimia bibi," alikiri. "Tena kwa kulazimishwa. Ndoo niliiona kwa bahati."

Getruda alicheka mpaka akashika mlango, kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa imekikosa kwa muda mrefu. Ndipo Oswaldi, bila kuambiwa na mtu, akachuchumaa mbele yake na kupiga makofi taratibu. "Asante kwa kurudi, mama."

Kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.