Aliyeishika Simu ya Ngurumo

Zamani za kale, wanangu, ila si kale sana, maana wanyama walishakuwa na simu, palikuwa na mama mmoja digidigi, jina lake Mwanakombo. Digidigi mnamjua? Ni yule swala mdogo kabisa, miguu kama njiti za kiberiti. Aliishi kichakani na mumewe Msabaha na mtoto wao mchanga, Tunu.

Digidigi wana desturi yao. Mmoja akila au akilala, mwenzake hushika zamu. Hutazama juu kama kuna tai, hutazama chini kama kuna chatu. Kivuli kikisogea, hubadilishana. Ndiyo maana digidigi, mdogo vile, huishi mpaka akazeeka.

Msabaha alikuwa hodari wa zamu, mpaka alipoanza kumsikiliza Ngurumo.

Ngurumo alikuwa simba wa jiwe kuu. Kila alasiri alijitokeza mubashara mtandaoni, manyoya yamechanwa vizuri.

"Grrruuum! Madume wenzangu! Nani kawadanganya mlinde watoto? Dume halisi hutafuta chakula. Jike hukaa nyumbani, hulea, hunyamaza!"

"Sema, mzee!" waliandika nyati.

"Moto!" waliandika nyani.

Msabaha naye akajinyoosha kivulini, simu puani. "Mama Tunu, zamu yako."

"Ni yangu tangu jana, Baba Tunu."

"Basi ndiyo hiyo. Ndivyo tulivyoumbwa."

"Na wewe?"

"Mimi natafakari."

Mwanakombo hakumwona mumewe kuwa mtu mbaya. Maisha yote wanyama walimruka Msabaha bila hata kumwona, na sasa simba mzima anamwita dume mwenzangu. Utamu wa neno hilo aliuelewa. Lakini usingizi nao aliuhitaji. Macho yalimwasha kana kwamba yametiwa mchanga.

Mchana mmoja akasinzia akiwa amesimama. Vuuu! Kivuli cha tai kikapita juu ya mgongo wa Tunu.

"Zik! Zik!" akalia Mwanakombo, akamsukumia mtoto kichakani. Kucha za tai zikaambulia majani.

Msabaha akainua kichwa. "Kuna nini?"

"Hakuna," alijibu, kwa kuwa hata kugombana kulitaka nguvu. Moyoni alijua kesho angesinzia tena, na kesho tai asingekosa.

Akaenda mtoni kunywa maji, Tunu ubavuni. Ng'ambo ya pili alisimama simba jike, akilamba bega. Alikuwa Mwasiti, mke wa Ngurumo.

"Usikimbie, mdogo wangu. Sina hata nguvu ya kukufukuza."

"Shikamoo, shangazi. Ila nitasimama hukuhuku, usinione nina kiburi."

"Marahaba. Mbona macho mekundu?"

"Nakesha, na mchana silali. Na wewe bega lina nini?"

"Simu. Namshikia baba mwenye nyumba akihutubia. Akimaliza, nakwenda kuwinda. Nikirudi, anakula yeye kwanza."

"Kumbe anayewinda ni wewe?"

"Kwani wewe umewahi kufukuzwa na simba dume?"

Mwanakombo akafikiri. "La. Siku zote ni nyinyi mashangazi."

"Basi."

Wakanywa maji, kila mmoja upande wake.

"Shangazi, akikuamuru ukae nyumbani kwelikweli, utakaa?"

"Mwanangu! Nitalala mpaka mgongo uote majani."

Alasiri ile Mwanakombo akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka. Akajiandikisha kwa jina la Dume Chuma. Tap, tap, tap, akaandika.

Ngurumo, aliyependa kusoma maoni ya wafuasi, akasoma kwa sauti: "'Salamu, mzee wetu. Picha inatikisika. Simu kaishika nani?' Ha! Imeegemea mti, bwana Chuma."

"Mti unapiga miayo? Tumeusikia!" akaandika Dume Chuma.

Nyati wakashtuka. "Mzee, ni jike? Jike yuko nje?"

Masikio ya Ngurumo yakalala. "Hapana! Yaani... Mwasiti! Nenda nyumbani ukakae!"

"Kweli, mume wangu?"

"Kweli! Na usitoke!"

"Mmesikia wote," alisema Mwasiti, akaitua simu majanini. Pu! Wafuasi wakabaki kutazama tundu za pua za mzee.

Dume Chuma akaandika tena: "Sasa tuonyeshe dume anavyotafuta chakula. Tunasubiri!"

"Tunasubiri!" wakaitikia nyani.

Ngurumo angefanyaje? Akaifunga simu shingoni kwa kamba ya mti, akatoka. Mbele walikuwapo pundamilia, wamenona, wanakula nyasi. Na hapo akafanya lile alilolizoea kuliko yote.

"Grrruuum! Mimi hapa!"

Papapapapa! Pundamilia wakatoweka.

Akawafuata swala. "Grrruuum!" Wakatoweka.

"Mzee, punguza sauti," aliandika nyati mmoja kwa huruma.

"Dume halisi hapunguzi sauti!"

Jua likaanza kuzama. Simu ilionyesha vumbi na ulimi tu. Mwishowe jiwe kuu likaonekana, na sauti ndogo ikasikika, ambayo wafuasi hawakuwahi kuisikia.

"Mwasiti... mke wangu... kuna chochote?"

"Nimekaa nyumbani," sauti ya usingizi ikajibu. "Nanyamaza."

Kule kichakani Msabaha alikuwa ametazama yote. Akaizima simu.

"Mama Tunu, kumbe anayemlisha..."

"Ndiyo."

"Na mimi siku zote hizi..."

"Baba Tunu, maneno kesho. Sasa tazama juu."

Msabaha akasimama, akatega masikio, akatazama juu. Mwanakombo akakunja miguu kando ya mwanawe, akalala kabla kidevu hakijagusa ardhi.

Kulipokucha, Ngurumo alikuwa kimya, lakini nyani mmoja mkubwa alishaanza kuhutubia mubashara kutoka mtini, maneno yaleyale, sauti nyembamba zaidi. Msabaha, bado kwenye zamu, akamweleza mkewe. Mwanakombo akafungua jicho moja, akasikiliza kidogo, akalifunga.

Hadithi imefika kituoni, wanangu, nanyi mkumbuke hili: mtu akiwafundisha maisha kupitia simu, ulizeni kwanza nani kaishika.