Msiba wa Tausi Kwenye Basi la Songea

"Mficha gitaa na alegeze nyuzi."

Matroni Gaudensia Haule aliitamka methali hiyo Jumamosi mchana, wakati wa ukaguzi wa bweni, akiwa ameshika mkate mzima uliokuwa unalia. Ndani ya mkate mlikuwa na simu. Rozina, mwenye mkate, alikuwa ameutoboa tumbo kwa ustadi wa daktari wa upasuaji, akaitia simu, akaziba kidonda kwa ganda. Alichosahau ni kuizima mlio. Wasichana wenzake, ambao kwa muda huo walijifanya hawajawahi kuona simu tangu wazaliwe, waliuliza kwa adabu nyingi methali hiyo ilitoka kwa wahenga gani.

"Haikutoka kwa wahenga," alisema Matroni, akaketi juu ya sanduku la chuma la mmoja wao. "Ilizaliwa ndani ya basi, watu sitini wakishuhudia. Kaeni niwaeleze ilivyokuwa, na asinikatize mtu."

Palikuwa na mzee mmoja Makambako, jina lake Onesmo Mlowe, aliyepiga gitaa miaka thelathini na mmoja katika bendi iliyoitwa Baridi Kali. Gitaa lenyewe lilikuwa na jina pia. Liliitwa Tausi, na Onesmo alimtunza Tausi kuliko meno yake. Ushahidi ni kwamba Tausi alikuwa bado kamili na meno yalikuwa yamebaki tisa.

Lakini vidole vya Onesmo vilianza kukakamaa. Asubuhi za baridi havikuweza kubana hata uzi mmoja. Gitaa lisilopigwa, alisema, ni kabati lenye shingo. Basi akaamua kumtafutia Tausi mikono mingine kabla hajawa kabati.

Binti yake, Imelda, ndiye aliyemwingiza kwenye mnada wa mtandaoni. Alimpiga Tausi picha mbele, nyuma na ubavuni, kisha akapiga na mkwaruzo uliokuwa karibu na tundu la sauti.

"Na hilo la nini?" alinung'unika Onesmo. "Huyu ni mtu mzima, ana makovu yake ya heshima."

"Baba, mnadani kovu lisilosemwa huitwa utapeli."

Mnada ulidumu siku tano. Onesmo aliikodolea simu macho kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Bei ikipanda, alimtukana aliyepandisha kwa kutaka kumnyang'anya Tausi wake. Bei ikitulia, aliwatukana wote kwa kutomtaka. Mwishowe akashinda mtu mmoja wa Songea, Kastori Ndunguru, mwalimu wa kwaya, akaandika chini: "Nitalipokea stendi mwenyewe, pamoja na kwaya yangu. Tutalipiga palepale."

Onesmo alifurahi kwa dakika moja, kisha akakumbuka spika.

Mwezi uliotangulia alikuwa ameuza spika ya bendi kwenye mnada huohuo. Aliifunga vizuri, akaandika KIOO pande zote nne, akaituma kwa basi. Wapakizi waliirusha kama mkungu wa ndizi, wakaiwekea gunia la viazi juu ili itulie. Ikatulia milele. Mnunuzi alimpa Onesmo nyota moja kati ya tano, na wenye mnada wakamwonya kwamba akipata nyingine kama hiyo, hatauza tena kitu kwao. Lakini si nyota zilizomnyima usingizi. Aliiwazia shingo ya Tausi. Spika ikivunjika unanunua nyingine. Tausi alikuwa mmoja.

Safari hii alisema atasafiri naye mwenyewe. Ila abiria hakai na mzigo wake. Mzigo huenda kwenye buti, na kwenye buti kuna viazi. Basi akaenda kwa fundi Yeriko Mhagama, mwenye karakana ya majeneza mkabala na hospitali, akamwomba sanduku la mbao.

"Lisilorushwa," alisema Onesmo. "Lisilokaliwa. Lisilowekewa viazi."

Yeriko alifikiri huku akijigonga meno kwa penseli. "Mzee wangu, miaka yote ya kazi hii sijaona kitu changu hata kimoja kikirushwa."

Akaonyesha pembeni. Palikuwa na jeneza zuri la msonobari, lililoagizwa na familia ya mzee mmoja aliyekuwa mahututi. Mzee akapona, akaja kwa miguu yake kulikagua, akasema mbao ni hafifu, akaondoka.

"Limekosa mtu," alisema Yeriko. "Nakung'olea msalaba, unachukua."

"Huo si udanganyifu?"

"Bila msalaba ni sanduku tu. Umbo halimdanganyi mtu, mzee. Watu hujidanganya wenyewe."

Nyumbani walimlaza Tausi juu ya sponji, wakamwegemeza shingo kwa magazeti yaliyoviringishwa, wakajaza mablanketi mahali ambapo mteja wa Yeriko angenyoosha miguu. Wakalitikisa sanduku. Halikutoa sauti.

"Sasa legeza nyuzi, baba," alisema Imelda. "Kila anayejua kusafirisha gitaa anasema hivyo. Zikikaza njia nzima zinavuta shingo, na joto likizidi zinakatika."

"Tausi afike mbele ya kwaya ya watu amelegea kama mlevi? Hapana. Atafika sauti yake imekaa sawa, apigwe palepale."

"Lakini baba..."

"Nilianza kupiga gitaa wewe hujazaliwa."

Hoja hiyo, ambayo wazazi huitunza kwa ajili ya siku wanapoishiwa hoja, ilifunga mjadala. Ikafunga na sanduku.

Alhamisi asubuhi mkokoteni ukaingia stendi. Utingo wa basi la Songea, jitu la mabega mapana, alikuwa anawafokea wapakizi. Alipoona sanduku alinyamaza, akavua kofia.

"Pole sana, mzee."

Onesmo akafungua mdomo aseme ni gitaa.

"Hili haliendi kwenye buti!" utingo aliwaagiza wapakizi. "Marehemu hapandi na viazi. Ndani, kiti cha nyuma kabisa. Taratibu! Atakayeligonga nitamgonga mimi."

Wanaume wanne walilibeba kwa hatua fupi fupi, wakahema kwa pamoja, wakalilaza kitini kama yai. Onesmo alitazama jambo hilo zuri, akafunga mdomo. Hakusema uongo, wanangu. Alifunga mdomo tu, na uongo ukapanda basi wenyewe.

Karibu naye alikaa mama mmoja mwenye kitenge cha zambarau.

"Pole, baba. Mlihusianaje?"

"Tumekuwa pamoja miaka thelathini na mmoja," alisema Onesmo, na kwa kuwa ilikuwa kweli, sauti ilimkatika kweli.

"Uwii, mke wako!" Mama akaangua kilio.

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Lakini dereva alikuwa ameshazima muziki. Alikuwa anakwepa kila shimo na kuomba radhi kwa lile lililomshinda. Hata enzi za bendi Tausi hakuwahi kusafiri hivyo. Onesmo akajiambia atasema Njombe. Walipofika Njombe muuza mahindi alimpitishia dirishani hindi la kuchoma, akakataa malipo, na utingo akashuka kumpigia simu mpokeaji, ambaye namba yake iliandikwa kwenye sanduku, ili ajiandae kuupokea mwili. Onesmo, aliyekuwa anatafuna hindi la msiba, hakumwona.

Baada ya Njombe katekista mmoja alisimama kati ya viti.

"Jina la marehemu, baba?"

"Tausi," alisema Onesmo, akivitazama viatu vyake.

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Alikuwa... na sauti nzuri."

"Alikuwa mwanakwaya!" katekista alilitangazia basi. Mama wa kitenge akaanza upya.

Basi likaingia milima ya Lukumburu, likipanda kwa kuhema. Injini ya basi lile ilikuwa nyuma, chini ya kiti cha mwisho, na ilikuwa imepata moto kama jiko la mkaa. Katekista akaomba dakika moja ya kimya. Vichwa vyote vikainama. Hata kuku aliyekuwa chini ya kiti cha tatu aliheshimu.

Katikati ya kimya hicho, uzi wa kwanza ukakatika.

Twaaang!

Dereva alishtuka, akasahau shimo lililokuwa mbele yake. Basi likaruka, na nyuzi tano zilizobaki zikaitikia kwa pamoja kutoka ndani ya jeneza, kwa sauti safi iliyokaa sawa kabisa.

Breki zikalia. Basi lile, wanangu, lilikuwa na mlango mmoja. Watu sitini waliupita kwa muda wa mtu mmoja kupiga chafya. Katekista hakuutumia mlango. Alipita dirishani, na waliokuwa karibu wanasema "Amina" yake ilianzia ndani ya basi na kuishia kwenye majani.

Onesmo akabaki peke yake. Kitu cha kwanza alichofanya ni kufungua sanduku na kupapasa shingo ya Tausi. Ilikuwa nzima. Akashusha pumzi. Kisha akainua macho, akaona watu sitini wamesimama ng'ambo ya barabara.

"Mzee!" utingo aliita kutoka nyuma ya jiwe. "Marehemu anataka nini?"

"Si marehemu. Ni gitaa."

Utingo akachomoza kichwa juu ya jiwe.

"Gitaa la marehemu?"

"Gitaa tu. Hakuna aliyekufa. Nimeliuza mtandaoni, linakwenda Songea. Niliogopa mtalirusha."

Wakarudi mmoja mmoja, na kila mmoja alirudi na malalamiko yake.

"Nimevua kofia!" alisema utingo. "Kofia hii, mzee, hata baba mkwe wangu sijamvulia!"

"Mimi nimetambaa kama kinyonga tangu Makambako," alisema dereva.

"Nimeliombea gitaa pumziko la milele," alisema katekista, akitoa majani kichwani. "Nitamweleza nini padri?"

Mama wa kitenge alifika wa mwisho. Hakufoka.

"Nimelia, baba," alisema. "Huyo mke wako nimemlilia kuliko nilivyomlilia shangazi yangu."

Onesmo alitaka kusema kwamba habari za mke alizisema mama mwenyewe. Akamtazama usoni, akaziacha.

"Nisameheni," alisema. "Nilipaswa kusema stendi. Nikaona mmembeba vizuri, nikapenda."

"Kama amefufuka, akae na viazi," aliamua utingo, akashika ncha ya sanduku.

Onesmo akapiga magoti pale pale kati ya viti. "Niwekeni mimi kwenye viazi! Yeye mwacheni kitini. Kuna mtu anamsubiri ampige. Mimi sina vidole tena."

Akainua mikono yake iliyokakamaa, wakaiona. Utingo aliachia sanduku. Kisha dereva, aliyekuwa amejikaza sana, akakumbuka katekista alivyopita dirishani, akacheka, na kicheko kikalishika basi zima kama homa.

Hukumu ikatolewa barabarani: Tausi abaki kitini, gunia la viazi litolewe kwenye buti, Onesmo alikalie hadi Songea.

"Na hizo nyuzi azilegeze mwenyewe," aliongeza mama wa kitenge, "nisije nikafa kweli."

Onesmo akazilegeza zote tano, polepole, kwa vidole vilivyomuuma. Safari hii hakumwambia mtu, "Nilianza kupiga gitaa wewe hujazaliwa."

Songea, Mwalimu Kastori alisimama stendi na kwaya yenye nguo nyeusi. Waliambiwa mwili unakuja, hawakuambiwa wa nani. Kwa tahadhari walikuwa wanalia tangu saa nane, na majirani walikuwa wamekwisha kubandika sufuria za matanga. Sanduku lilipofunguliwa kwaya ilinyamaza katikati ya ubeti. Abiria wakaeleza yote, wote kwa wakati mmoja.

Kastori akamtoa Tausi, akakagua shingo, akafunga uzi mpya, akakaza, akapiga. Onesmo alisikiliza, suruali ikiwa bado ina vumbi la viazi, na kwa muda wote wa wimbo alisahau kuona aibu.

Kesho yake Imelda alimsomea maoni ya mnunuzi kwenye mnada: "Nyota nne. Gitaa limefika zima, muuzaji anajua kufunga. Nyota ya tano nimeizuia kwa niaba ya kwaya yangu, iliyolia bure. Wauzaji wengine mjifunze: mficha gitaa na alegeze nyuzi."

Abiria wa basi lile waliyasoma, wakatumiana. Mwezi haukuisha kabla mautingo wa njia ya Songea hawajaanza kuisema methali hiyo kila abiria alipoficha kuku ndani ya begi.

Matroni aliposita, Rozina aliuliza, "Matroni, umeyajuaje yote haya?"

"Nina kitenge cha zambarau," alisema Matroni. "Sikivai tena." Akasimama, mkate mkononi. "Sanduku kila mtu anaweza kulifunga, wanangu. Lakini ukweli hukaa ndani umekaza, unangoja shimo."

Pale pale, chini ya godoro la kitanda cha pili, kitu kikaanza kuimba wimbo wa kuamsha watu.

Matroni hakugeuka hata shingo.

"Mficha gitaa," alisema.

Na bweni zima, kwa unyonge, likamjibu: "Na alegeze nyuzi."