Kadhi Aliyekataa Kumhukumu Muuaji wa Mpwa Wake

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika mji wa Sarha alikuwako kadhi mcha Mungu, Mundhir bin Waddah, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hakujaaliwa mtoto. Aliyemlea na kumfundisha Kurani kama mwanawe wa kumzaa ni Salih, mtoto wa dada yake Rayhana. Basi ikafika habari kwamba Salih ameuawa kisimani, ng'ambo ya bonde, alikokwenda kunywesha mifugo.

Askari wakamleta mchungaji mmoja aitwaye Ghaylan, amefungwa minyororo. Ua wa mahakama ukafurika watu, na Liwali mwenyewe akahudhuria. Karani akasimama akasoma mashtaka: "Huyu ni mfisadi, ameeneza uovu katika ardhi, na anastahili kufa." Kisha akaketi.

"Endelea," akasema Kadhi.

"Imekwisha, Maulana."

"Amefanya nini? Amemfanyia nani, na wapi?"

Liwali akadakia, "Ewe Kadhi, nani asiyejua? Damu iliyomwagika ni ya nyumbani kwako!"

Kadhi akamgeukia mshtakiwa. "Wewe wasemaje?"

"Mimi si mfisadi," akajibu Ghaylan, macho yake chini.

Kadhi akamtazama, na moyo wake ukawaka. Neno moja tu lilitosha, na hakuna hata mtu mmoja katika ua ule ambaye angemlaumu. Akaomba maghufira kimoyomoyo, kisha akasema: "Mashtaka haya hayana tendo, na mja hawezi kujibu jambo asiloambiwa. Na hata mkiyaandika upya, kisima kile kimo katika ardhi ya kadhi wa Dharwa. Mamlaka yangu yanaishia bondeni. Na lau yangefika huko, mimi ni mjomba wa marehemu. Mpelekeni Dharwa, na asiguswe njiani."

Liwali akaghadhibika, akamvua ukadhi palepale. Lakini lililomuumiza Mundhir zaidi ni la dada yake.

"Muuaji wa mwanangu alikuwa mkononi mwako," Rayhana akamwambia, "nawe umemfungulia njia. Usinijie tena." Akafunga mlango.

Kila asubuhi Mundhir alikwenda akasimama mlangoni pale, akatoa salamu, asijibiwe, akarudi zake. Alikuwa akisema katika sujudu, "Ya Rabbi, ikiwa nimekosea, nionyeshe. Na ikiwa nimepatia, nipe subira ya kuibeba chuki yake."

Kadhi wa Dharwa akatuma watu kisimani, wakawahoji wachungaji, kisha yakaandikwa mashtaka mapya. Rayhana alikuwa ameketi miongoni mwa wanawake yaliposomwa mahakamani Dharwa: kwamba Ghaylan, siku ya Ijumaa, kwenye kisima kile, alimpiga Salih kwa jiwe kichwani walipogombania zamu ya maji, naye akafariki.

Ghaylan akainua kichwa. "Hilo nimelifanya."

"Mbona Sarha ulikana?" akauliza kadhi.

"Sarha waliniita mfisadi, nami si mfisadi. Hapa nimeulizwa nilichokitenda." Kisha akaongeza, "Nilirusha jiwe ili arudi nyuma. Wallahi sikukusudia kumuua. Alipoanguka nilimpakata. Akaomba maji, nikamnywesha."

Rayhana akasimama, akasahau haya zake zote. "Alitoa shahada?"

"Naam, mama. Aliitamka mara mbili, nami namsikia."

Yule mama akaketi chini, akalia kilio ambacho hakuwa amekilia tangu msiba ulipomfika. Wachungaji walioliona lile jiwe walipothibitisha kuwa lilikuwa dogo, kadhi akahukumu kwamba mauaji hayakuwa ya kukusudia, na kwamba Rayhana ana haki ya fidia ya damu. Rayhana akasema, "Nimemsamehe kwa ajili ya Allah."

Aliporejea Sarha hakupitia nyumbani kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Mundhir. "Kaka yangu," akasema, "lau ungemuua siku ile, ningeingia kaburini bila kujua mwanangu alikufaje." Wakalia pamoja. Ama ukadhi, Mundhir hakurudishiwa mpaka anafariki, wala hakuuomba.

Basi tuzingatie, ndugu katika imani. Mundhir hakujua kwamba Ghaylan angesema kweli. Alijua tu kwamba yeye hakupewa idhini ya kumhukumu, na kwamba hasira yake, ingawa ilikuwa na sababu, haikumpa idhini hiyo. Mwenyezi Mungu atujaalie kusimama pale mamlaka yetu yanapokoma, hasa siku ambayo watu wote wanatusukuma tuvuke. Amin.