Dole Gumba Halina Ulimi

Dole gumba halina ulimi. Mmewasikia wafagiaji wa chuo wakiambiana hivyo, mkacheka, kisha mkauliza ni nani aliyewahi kuona dole lenye ulimi. Basi tulieni niwaeleze. Msemo huu hatukuachiwa na mababu. Umezaliwa juzi tu, katika mabweni ya wasichana ya Chuo Kikuu cha Nyandolo, na uliouzaa ni uvumi.

Uvumi huo ulimkuta mwanamke mmoja aitwaye Kalunde, Mama Shija, amepiga magoti anasugua choo. Tarishi alikuwa anapita na bahasha zake kwapani. Akasimama mlangoni, akasema kama mtu anayetoa habari za mvua, "Nyie wa ufagio mmeshauzwa, mna habari?"

"Tumeuzwa? Sisi mbuzi?"

"Mnatolewa chuoni mnapewa kampuni ya usafi. Mimi sijasema kitu."

"Nenda zako huko, mdomo kama tarumbeta la harusi!" Kalunde akamrushia maji ya ndoo miguuni, na tarishi akakimbia akicheka.

Kicheko cha Kalunde hakikufika mbali. Yale maneno yalimganda kama kupe. Akisukuma fagio anayasikia, akisonga ugali anayasikia. Alikuwa na miaka kumi na moja pale. Alijua mfanyakazi wa chuo ana barua yake ya ajira, ana likizo, anatibiwa zahanati ya chuo, na hafukuzwi kabla hajaitwa akasikilizwa. Mfagiaji wa kampuni ana aproni. Siku wakimvua aproni, hana neno.

Tena Kalunde hakuwa mfagiaji hivi hivi. Wenzake walikuwa wamemchagua kuwa mjumbe wao katika chama cha wafanyakazi, kwa sababu mbili: alimaliza darasa la saba, na sauti yake ilisikika ghorofa ya nne bila simu. Kwa hiyo hakukaa na uvumi tumboni. Alinawa mikono, akaenda kwa katibu wa tawi, Bwana Nkwabi, aliyekuwa fundi wa maabara, mtu mrefu asiye na haraka.

Nkwabi alimsikiliza mpaka mwisho. Akafungua droo, akatoa kijitabu kilichokunjika pembe.

"Huu ni mkataba wa hali bora, Mama Shija. Chuo kilitia sahihi na chama kikatia sahihi. Umesema mfanyakazi hahamishiwi kwa mwajiri mwingine mpaka yeye mwenyewe aridhie, na aridhie kwa maandishi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Bila sisi kukubali, hawawezi."

"Hawawezi. Sasa mimi kesho nasafiri, kuna mkutano wa chama, narudi Ijumaa. Waambie wenzako wote kumi na wanane. Karatasi yoyote ikija, msiiguse mpaka nirudi."

Kalunde aliwaambia. Aliwakusanya nyuma ya jiko la bweni, akawaambia kwa ile sauti yake, na wote wakaitikia.

Sasa lazima niwaeleze kitu kimoja, msipokijua hamtaelewa kilichofuata. Wafagiaji wa Nyandolo walikuwa na desturi yao ya stoo. Vitendea kazi vilikuja mara moja kwa mwaka, pengine visije kabisa, na vikija havitoshi saizi. Anayefika mwisho anapata mabuti ya mpira ya kumwingiza miguu miwili ndani ya buti moja, au ya kumbana mpaka kucha zing'oke. Kwa hiyo siku ya stoo ilikuwa siku ya kusukumana. Mtunza stoo, mzee Mapunda, alikuwa hataki watu wanaochora sahihi polepole. Alikuwa na pedi ya wino wa zambarau na neno moja: "Dole! Dole tu! Twende!" Hata waliojua kuandika walibonyeza dole. Na aliyekuwa zamu nyingine au mgonjwa, mwenzake alimbonyezea dole kwenye jina lake akamchukulia mabuti. Hapakuwa na aliyeona kosa. Waliuita kusaidiana, na asiyefanya hivyo waliona ana roho mbaya.

Mwaka ule walikuwa wamekaa miezi kumi na minne bila mabuti. Ile dawa kali ya vyoo ilikuwa imewachubua miguu. Aliyeumia zaidi ni Mwasiti, rafiki wa Kalunde, waliyefagia naye bweni moja tangu wanaanza. Yeye dawa haikukomea miguuni. Moshi wake uliingia kifuani akawa anakohoa mpaka anashika ukuta. Kudai mabuti, glavu na vitambaa vya pua ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza ya Kalunde tangu achaguliwe. Aliandika barua tatu, na zote tatu hazikujibiwa.

Alhamisi, siku moja kabla Nkwabi hajarudi, Mapunda akatokea kwenye ngazi za bweni akipiga makofi. "Vitendea kazi vimekuja! Mjumbe, wenzako wako wapi? Mabuti mapya, glavu mpaka kiwiko!"

Mngemwona Kalunde! Furaha ilimpanda kichwani. Alijiona ameshinda. Alikimbia kama msichana, akawa wa kwanza dirishani, na nyuma yake wenzake wakaja mbio wakivutana kanga.

"Mwasiti yuko wapi?" Mapunda akauliza.

"Amelala kwake, kifua kimembana. Daktari amempa siku tatu. Mpe saizi tano, nitampelekea."

"Basi bonyeza. Lako hapa. La Mwasiti hapa." Akainua pembe ya karatasi ya kwanza, ikaonekana nyingine chini yake. "Na huku tena, lako, na la Mwasiti. Nakala ya stoo."

Kalunde aliiona ile karatasi ya pili. Hakuwa kipofu, wala hakuwa asiyejua kusoma. Aliona kichwa chake kimekunjwa kikaingia chini, yamebaki majina tu. Mkono ulimsita. Angeweza kuuliza. Angeweza kuikunjua kwa kidole kimoja.

"Mama Shija, unatunga shairi hapo?" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. "Saizi tano zinaisha!"

"Dole! Twende!" akasema Mapunda.

Kalunde akabonyeza. Lake, kisha la Mwasiti. Waliokuwa nyuma yake, waliomsikia kwa masikio yao akiwakataza kugusa karatasi, walimwona mjumbe wao amebonyeza, nao wakabonyeza wote.

Ijumaa Nkwabi alirudi. Jumatatu akamwita Kalunde, akamwekea nakala mezani bila salamu. Safari hii kichwa cha karatasi kilikuwa kimekunjuliwa. *Sisi wafanyakazi wote kumi na tisa wa kitengo cha usafi, kwa hiari yetu na bila kulazimishwa, tumeridhia kuhamishiwa...* Kalunde hakumaliza. Akavuta kiti akakaa.

"Nilikwambia nini, Mama Shija?"

"Ulisema karatasi, Katibu. Haya yalikuwa mabuti."

Nkwabi akaigeuza nakala upande wake. Halafu akasema, "Tumeomba kikao. Msuluhishi atakuja Jumatano. Kusema mlidanganywa ni vigumu kuthibitisha, Mapunda atakana. Lakini wao wenyewe wameandika 'wote kumi na tisa'. Nikipata mmoja tu ambaye hakuweka dole lake, karatasi nzima inaanguka, na nyie nyote mnabaki wafanyakazi wa chuo. Je, kuna ambaye hakuwepo?"

Kalunde akainuka. "Ngoja niulize, Katibu."

Hakwenda kuuliza. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwasiti, akamkuta amejiegemeza kwenye mto. Akamweleza yote, hakuficha hata lile dole. Mwasiti alisikiliza, akakohoa, akafuta mdomo.

"Kwa hiyo mimi ndiye wa kumi na tisa."

"Ndiyo wewe, shoga yangu. Ukisema dole si lako tumepona."

"Wataniuliza ni la nani."

Kalunde akatazama sakafu.

"Mimi simtaji mwenzangu mbele ya wakubwa," Mwasiti akasema. "Uliniwekea dole kwa wema, nami nisimame nikuite mwizi wa jina langu? La. Dole ni lako, Kalunde. Useme wewe. Ukisema, mimi nitasimama pembeni yako niseme kweli kwamba sikukutuma, lakini ndiyo desturi yetu, wote tunafanya. Watafukuza wote?"

"Nitasema."

"Utasema?"

"Haki ya Mungu nitasema."

Jumatano walikaa kwenye chumba chenye meza ndefu. Upande mmoja wafagiaji na Nkwabi, upande wa pili afisa utumishi na Mapunda, na msuluhishi katikati. Mwasiti alikuja akiwa amejifunga kanga kifuani, akakaa karibu na dirisha apate hewa. Kabla ya lolote, afisa utumishi akaomba kusoma kanuni moja. Akaisoma taratibu, macho yakipita uso kwa uso. Mfanyakazi atakayebainika kuweka sahihi au dole kwa jina la mwenzake amefanya udanganyifu, ataachishwa kazi siku hiyo hiyo na kupelekwa polisi.

Kalunde akamwona Shija wake, kidato cha pili, amesimama mlango wa polisi na sare ya shule. Hakumwona kwa macho, ila alimwona.

Nkwabi akainuka. "Mheshimiwa, kwenye kitabu cha zahanati naona Mwasiti alikuwa na ruhusa ya daktari siku hiyo. Naomba aulizwe."

Msuluhishi akageuka. "Mama, dole hili kwenye jina lako, ni la kwako?"

Mwasiti aligeuka. Alimtazama Kalunde. Alimtazama muda mrefu, mpaka watu wakaanza kukohoa vikohozi vya uongo. Kalunde alifungua mdomo, pumzi ikatoka, neno halikutoka. Akainamia mikono yake iliyokuwa mapajani.

"Mama, nimekuuliza."

"Ni langu," Mwasiti akasema. "Nilipitia hapo nikachukua mabuti."

Nkwabi akakaa kama mtu aliyekatwa nyuma ya magoti. Kikao hakikufika saa sita.

Mwezi uliofuata kampuni ikaingia na aproni zake za kijani. Bweni lile lile, vyoo vile vile, mafagio yale yale, ila asubuhi walisimamishwa mstari wakahesabiwa. Zahanati ya chuo ikawaambia hawamo tena kwenye orodha. Kampuni ilichukua kumi na nne. Wanne waliambiwa ni wazee. Mwasiti hakuambiwa kitu. Jina lake halikuitwa tu.

Siku anahama, Kalunde alikwenda kumsaidia kufunga godoro. Wakafunga kamba kimya kimya, huyu upande huu, huyu upande ule. Mwisho Kalunde akashindwa.

"Mwasiti, unisamehe. Lile dole lilikuwa na nia njema. Wallahi, nilikuchukulia mabuti."

Mwasiti alikaza fundo, akakaa juu ya godoro kutafuta pumzi.

"Najua. Lakini dole gumba halina ulimi, Kalunde. Haliwezi kuwaambia watu nia yake ilikuwa nini. Limebonyezwa, limenyamaza. Ulimi ulikuwa nao wewe, na siku ile ulikaa nao kinywani."

Hakusema kwa hasira, ndiyo maana neno lilichoma. Akaondoka kwenda kwao Urambo, na kabla ya mavuno kifua kikamshinda, akazikwa huko.

Maneno yake yalisikiwa na jirani aliyekuja kubeba ndoo, yakatoka hapo yakaingia mabwenini. Kwanza waliyasema kumsuta Kalunde akipita na fagio lake. Baadaye yakawa ya kila mtu, na walioajiriwa karibuni wakadhani ni ya zamani sana. Wengi husema maana yake ni usisaini bila kusoma. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni kwamba ukishakosea, kidole hakitakutetea wala hakitamtetea mwenzako. Atakayemtetea ni wewe, kwa mdomo wako, mahali penyewe na siku yenyewe.

Nimeandika kwa sababu nyie wanangu mnaanza kazi huko huko, na juzi nimesikia tena watu wakinong'ona habari za kampuni. Silali vizuri. Sina shule ya kuwaeleza sheria, kwa hiyo shikeni haya:

Msibonyeze dole mahali ambapo mnajua kuandika jina.

Karatasi iliyokunjwa, msiiguse kabla ya kuikunjua. Wakisema "twende", simameni.

Msikubali nakala ambayo hamjaisoma, hata ikija na zawadi, na hasa ikija na kile mlichokililia mwaka mzima.

Msimwekee mwenzenu sahihi. Mkimpenda, mwacheni akose mabuti.

Msiingie kikaoni na siri ambayo katibu wenu haijui.

Msimfuate mjumbe kwa kuwa ni mjumbe. Naye ana haraka zake, ana hofu zake.

Na ikiwa mmeshakosea, msinyamaze mkingoja mwingine aseme. Dole gumba halina ulimi.