Aliyeitwa Mwizi wa Kondoo

Hapo zamani, huko Ayalandi, enzi za kuchimba mifereji kwa sururu na beleshi, watu wa kila kaunti walikuwa na jina la utani walilobandikwa na majirani. Mtu wa Carlow aliitwa Mla Vitunguu. Mtu wa Tipperary aliitwa Mrusha Mawe. Na mtu wa Roscommon, maskini, aliitwa Mwizi wa Kondoo. Hakuna aliyeulizwa kama amelipenda. Ukishasema kwenu ni wapi, jina unalo.

Basi wachimbaji watatu walipanga kwa mjane mmoja aitwaye Una, mwanamke mwenye sauti ya chini na mikono isiyotulia. Fintan alitoka Carlow, Garvan alitoka Tipperary, Lorcan alitoka Roscommon. Kila jioni Una alipakua viazi na kuwaita mezani. "Mla Vitunguu, njoo ule," naye Fintan huja. "Mrusha Mawe, chakula tayari," naye Garvan huja. Kisha husema, "Lorcan, karibu."

Lorcan. Jina alilobatizwa nalo, basi.

Garvan hakuliona hilo. Fintan aliliona tangu siku ya kwanza, likamkaa kooni kama mwiba wa samaki, kwa sababu alimpenda Una. Yeye ndiye aliyeziba paa lake lilipovuja. Yeye ndiye aliyemletea kuni. Yote hayo, na bado alikuwa mla vitunguu, huku Lorcan, asiyejua hata kushika nyundo, akiitwa kwa jina lake kama mtu na mpenzi wake.

Siku moja alijikaza akauliza, "Bi Una, mbona mimi huniiti Fintan?"

Una akacheka. "Si umezoea? Hata mwenyewe unajiita hivyo."

"Na Lorcan?"

Una akageukia moto. "Hilo la kwao ni baya. Sipendi kulitamka."

Jibu lilikuwa la haki, lakini Fintan hakulisikia. Alichokiona ni shingo ya Una, jinsi ilivyoiva kwa wekundu.

Tangu hapo akaanza kulitamka yeye. Mferejini alisema, "Mwizi wa Kondoo, nipe beleshi." Watu wakacheka, na Lorcan akacheka. Kilabuni alisema, "Mpisheni Mwizi wa Kondoo akae." Watu wakacheka, na Lorcan akacheka. Gulioni, mbele ya wakulima wasiojua mizaha ya wachimbaji, alisema, "Fungeni mazizi, Mwizi wa Kondoo anapita." Wakulima hawakucheka. Lorcan alicheka peke yake.

Garvan alimwambia, "Ndugu yangu, mkataze huyo. Wale si wenzetu."

"Ni jina tu," Lorcan akajibu. "Nikilikasirikia litaganda zaidi."

Haukupita muda, kondoo wa mkulima mmoja akapotea asubuhi. Hakuna aliyeona kitu. Lakini kila mtu alikuwa amesikia kwamba kuna Mwizi wa Kondoo pale kwa mjane. Ilipofika adhuhuri wakulima walikuwa wamejaa uani kwa Una, fimbo mikononi.

"Asubuhi ulikuwa wapi?" wakamuuliza Lorcan.

Lorcan alimtazama Una, akafunga mdomo. Una alitazama chini. Asubuhi ile walikuwa wameketi pamoja kando ya mto, wakizungumza tu. Lakini nyumba ile ilikuwa ya marehemu mumewe, na shemeji yake alikuwa akitafuta sababu ya kumtoa. Una akisikika yuko na mwanamume, nyumba hana. Kwa hiyo alinyamaza, na Lorcan, akijua hayo, alinyamaza pia.

Fintan aliona walivyotazamana. Akaelewa pale pale kwamba asubuhi walikuwa pamoja. Badala ya huruma, kifua kilimjaa moto.

Mkulima akamgeukia. "Wewe unakaa naye. Huyu ndiye mnayemwita Mwizi wa Kondoo?"

"Ndiye," Fintan akasema.

Hakuongeza neno. Wala hakusema uongo.

Fimbo zikainuka. Lorcan akakimbilia ukutani. Garvan, alipoona mkulima mmoja anataka kumpiga Lorcan kichwani, akaokota jiwe akamrushia yule mkulima. Wakati huohuo Lorcan akageuka, na jiwe likamkosa mkulima, likamfika yeye kwenye jicho.

Kesho yake kondoo akaonekana. Alikuwa amenasa kinamasini nyuma ya zizi la bwana wake mwenyewe. Wakulima wakavua kofia, wakajikuna, wakarudi mashambani. Lorcan akapakiwa kwenye mkokoteni, akarudishwa Roscommon kwa mama yake, jicho moja limekwisha.

Baadaye mchuuzi mmoja akaleta ujumbe wa yule mama: "Mwanangu hali wala hasemi. Namtaka aliyemfikisha hapa aje aketi mbele yake, amwombe radhi. Aje mmoja. Wengine siwafungulii mlango."

Wakakaa mezani, wote watatu. Garvan akaanza.

"Ni mimi. Ninyi mlisema, au mlinyamaza. Jiwe lilitoka mkononi mwangu. Akinyoosha kidole kwa mkosaji, ataninyooshea mimi."

Una akatikisa kichwa. "Jiwe lako lilikuwa la kumtetea. Mimi nilikuwa na maneno ya kumwokoa, kwamba alikuwa nami, nikayameza kwa ajili ya kuta na paa. Naye alinyamaza kwa ajili yangu. Shemeji aichukue nyumba. Wa kwenda ni mimi."

Fintan alimsikiliza, na wivu ukamchoma upya. Mwanamke aliyeshindwa kuitoa nyumba yake siku ile, leo yuko tayari kuitoa. Yule mtu amepoteza jicho, na bado ndiye mwenye bahati. Akasimama.

"Wakulima wasingekuja kama si mimi. Jina lile nililipeleka mimi gulioni. Na waliponiuliza, mimi ndiye niliyesema 'Ndiye', nikijua moyoni kwamba si mwizi. Nitakwenda mimi."

Kila neno lilikuwa kweli. Una akamgeukia.

"Niambie," akasema. "Unakwenda kumwomba radhi, au unakwenda ili mimi nisiende?"

Fintan alitaka kusema uongo, ukamkataa. "Yote mawili," akasema.

Viazi vikapoa mezani.

Basi, wenzangu mliokaa hapa, nimewafikisha hadi kwenye mlango wa yule mama, na mlango haupitishi wawili. Garvan alimuumiza akitaka kumwokoa. Una alimpenda akamwacha. Fintan alimchukia, akatubu kwa moyo ambao bado una wivu. Msinijibu kwa haraka. Je, nani alistahili kwenda?