Panya Aliyeitoboa Kanzu ya Mumewe

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Pakawa nguo!"

"Imekaaje?"

"Ina tundu!"

"Tundu liko wapi?"

"Magotini!"

Haya, mmejibu wenyewe. Kaeni vizuri. Na wewe unayesugua kiwiko ukutani, acha, utamaliza shati na ukuta.

Hapo kale nguo zilikuwa hazichakai. Kilichochakaa ni mwili. Mnyama alipiga magoti mpaka magoti yakaota sugu, alibeba mizigo mpaka bega likashuka, akafa, akazikwa, na nguo yake ikabaki nzima kama ilivyotoka kwa fundi. Mwanawe akaivaa, na mjukuu akaivaa.

Katika nchi hiyo aliishi mjane mmoja, Bi Sikujua Panya. Mumewe alifia kwenye shamba la Jumbe Fisi, jembe mkononi, siku ya kulima bure. Jumbe alituma salamu za pole, kisha akauliza matuta yamefika wapi. Bi Sikujua akabaki na watoto na kanzu ya marehemu. Kipupwe kikiingia, watoto walijipanga chini ya kanzu hiyo, kichwa mguu, kichwa mguu, na kitinda mimba wao, Chausiku, walimweka katikati kwa sababu ya kifua chake. Koho! Koho! Bila kanzu ile, Chausiku asingeumaliza msimu wa baridi, na mama yake alilijua hilo vizuri.

Sasa Jumbe Fisi alikuwa na ugonjwa wa nguo. Akishiba anataka nguo, akiwa na njaa anataka nguo. Ghala lake lilikuwa limejaa mpaka mlango haufungi, na bado anataka. Asubuhi moja Kunguru, mpiga mbiu wake, akapita kila uchochoro: Puuu! Puuu!

"Sikieni neno la Jumbe! Kila nguo nzima ni ya Jumbe! Matambara bakini nayo!"

Na ni nguo gani haikuwa nzima siku zile? Kima akajifanya mjanja, akachana shati lake kwa jiwe. Jumbe akamchapa bakora mpaka akasahau jina lake. "Umeharibu mali yangu kwa makusudi," akamwambia. Mali yake! Shati la Kima!

Bi Sikujua aliyaona hayo kwa macho yake. Akarudi nyumbani, akaikunjua kanzu mapajani. Atoboe pindo? Atachapwa. Atoboe mfuko? Atachapwa. Alitaka tundu ambalo Jumbe mwenyewe asingethubutu kulikana. Akafikiri mpaka masikio yakamwasha. Kisha akakumbuka jinsi mumewe alivyokuwa akiingia kwenye ua wa Jumbe, na uchungu ukampanda, akaiinamia kanzu.

Kuru kuru kuru, magotini. Kuru kuru kuru, viwikoni. Kuru kuru kuru, makalioni. Aliguguna huku analia, maana kanzu ilikuwa bado inanukia mumewe.

Siku ya kukusanya nguo ikafika. Bi Sikujua akaivaa ile kanzu, ikamburuza, akaenda nayo barazani. Jumbe Fisi akaitazama, akatoa macho.

"We Panya! Magotini hapo pamefanya nini?"

"Nimekupigia magoti, Jumbe. Au hukuniona nikipiga magoti?"

Jumbe akatazama huku, akatazama kule. Baraza lote linasikiliza. Akisema hakumwona, ndiyo kusema wako wanaoingia kwake wamesimama wima.

"Nilikuona," akasema.

"Na viwikoni?" Jumbe akauliza tena.

"Nimetambaa kukuletea sinia la nyama, Jumbe. Au sinia lilikuja lenyewe?"

"Aa, lililetwa."

"Na makalioni?" Jumbe akaendelea.

"Nimekaa barazani kwako kungoja uniite, Jumbe. Au hapa watu hawangoji?"

"Wanangoja!" Jumbe akafoka. "Wanangoja sana! Ondoka na tambara lako!"

Bi Sikujua akaondoka na kanzu yake. Hakucheka mpaka alipofika kwenye kona, na hata hapo alicheka kidogo.

Habari haina miguu, lakini inatembea. Kabla jua halijawa kali, majirani walikuwa wamejaa mlangoni kwake. "Bi Sikujua, shemeji yangu, na mimi." "Dada, usinisahau." Punda akaja na koti lake: "Mimi nitoboe na begani, mama, maana magunia yake nayajua." Kuru kuru kuru, magotini. Kuru kuru kuru, viwikoni. Kuru kuru kuru, makalioni. Kwa Punda, kuru kuru kuru na begani. Aliguguna mpaka fizi zikatoka damu, na hakuna aliyemletea hata punje ya mtama.

Kila aliyefika barazani aliuliza lile lile. "Au hukuniona, Jumbe?" Na Jumbe anajibu ameuma meno, "Nilikuona." Gunia la Kunguru la kukusanyia nguo likarudi tupu, linapepea.

Kumbe ndiyo wiki ambayo Sultani Simba alipita kukusanya chake. Maana na Jumbe ana jumbe wake, msifikiri. Simba akashuka, akawatazama raia wamesimama mstari, magoti yote nje.

"Vipi huku kwenu? Kuna panya wengi?"

Wote wakainama. Bi Sikujua akajitokeza mbele.

"Siyo panya, Maulana. Ni adabu. Kwetu sisi mwenye adabu kwa mkubwa wake huchakaa magotini."

Simba akageuza shingo polepole, akamtazama Jumbe Fisi. Fisi alikuwa amevaa joho, linametameta, zima juu mpaka chini.

"Fisi, joho hilo nilikupa mimi?"

"Ndiyo, Maulana."

"Magotini mbona jipya?"

Fisi akafungua kinywa. Aseme alipiga magoti? Tundu liko wapi? Aseme matundu ni uongo? Basi amedanganywa na panya, na baraza zima linamtazama. Akacheka. Hii-hihihi! Kicheko cha woga. Simba akamzaba kofi moja, ngwa! Joho likabaki kwenye kucha za Simba, Fisi akatoka uchi akikimbia, na kiuno kilichoshuka siku ile hakijanyooka mpaka leo.

Vigelegele! Ngoma! Punda akarusha mateke hewani. Bi Sikujua akakaa chini, na safari hii akacheka kwa sauti.

Simba akalamba masharubu yake.

"Adabu hii nimeipenda," akasema. "Kuanzia leo nitakagua magoti kila nikipita. Mwenye nguo nzima magotini ni mwasi. Na nitainusa. Nikisikia harufu ya mate ya panya, nakula mtu."

Ngoma ikanyamaza. Ghala la Fisi likafunguliwa, nguo zote za watu zikatolewa, zikapakiwa mgongoni kwa Punda, zikaenda kwa Simba. Hakurudishiwa mtu hata kilemba.

Basi wakapiga magoti kweli. Wakatambaa kweli. Wakangoja barazani kweli, jua na mvua, mpaka nguo nazo zikajifunza. Ndiyo maana leo unamnunulia mtoto suruali ya Idi, na kabla Idi nyingine haijafika, magoti yako nje. Fundi atatia kiraka juu ya kiraka, wapi! Inajua pa kuchanikia.

Jioni ile ile Simba alipoondoka, Bi Sikujua akawafunika wanawe. Upepo wa kipupwe ukaingia kwenye magoti ya kanzu, ukatokea kwenye viwiko.

"Mama," akasema Chausiku, "wanasema tumeshinda."

"Tumeshinda, mwanangu."

"Koho! Koho! Mbona baridi?"

"Sogea huku. Usilale penye tundu."

Alisogea. Lakini kanzu ilikuwa na matundu mengi kuliko watoto, na kulipokucha, waliokohoa walikuwa wengi, Chausiku hakuwemo.

Hadithi imechanikia hapo. Mwenye uzi aishone, asiye nao aivae hivyo hivyo.

Mnataka na mafunzo? Mafunzo ni haya, watoto: msicheze gololi chini, msipande miti, msiserereke kwenye kichuguu. Hivyo ndivyo nguo zinavyochakaa. Mama akiuliza nani kaitoboa suruali, sema ni mchezo. Wakubwa hawajawahi kutoboa nguo ya mtu.